Kliniki ya Mtoto Moshi Wakati wa Korona

Wiki chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona nchini kutangazwa Arusha, Machi 2020, nilimpeleka mwanangu wa wiki sita kliniki katika kituo kimoja cha afya hapa Moshi. Baada ya kunawa kwa maji tiririka, tulisubiri juani takriban saa mbili, kwa kuwa waliruhusiwa kuingia kina mama watatu tu, na hakuna aliyefikiria turubai. Ndani, hata hivyo, muuguzi hakuwa na haraka: alimpima uzito, akatafuta kovu la chanjo ya kifua kikuu begani, akampa matone ya polio na ya rota, chanjo ya kukinga kuhara, kisha sindano mapajani, huku akinieleza kupitia barakoa, "Mama, homa kidogo usiku isikutishe." Tarehe ya kurudi aliiandika kwenye kadi kwa herufi kubwa.