Uzoefu wangu: kuwa baharia katika mashindano ya jioni ya klabu, Mto Swan, Perth

Klabu za yoti za jiji la Perth, Australia Magharibi, zina huduma ambayo wengi wetu wahamiaji tunapita kando yake kila siku bila kujua kwamba ipo. Katika miezi ya joto hufanya mashindano mafupi jioni ya siku za kazi, na mtu asiye na chombo anaweza kujiandikisha awe baharia katika yoti ya mwanachama. Nimeitumia huduma hiyo katika klabu moja iliyo kwenye kingo za Mto Swan, na maoni yangu ni haya: kwa mtu anayetaka kujifunza kazi ya tanga kwa kuifanya, sijaona katika jiji hili mahali ambapo fedha kidogo hununua elimu kubwa kiasi hiki. Hata hivyo, faida hiyo hutegemea mno nahodha utakayempata, na katika jambo hilo klabu niliyoitumia bado haijatimiza wajibu wake.

Kujiandikisha ni rahisi. Jina lako, uzito wako kwa kukadiria, na uzoefu wako huandikwa katika orodha ya mabaharia, kisha jioni ya mashindano unafika gatini mapema na kusubiri nahodha aliyepungukiwa na watu akuite. Asiye mwanachama hukata kibali cha muda mfupi cha chama cha taifa cha mchezo huu, kiitwacho SailPass, ili awe na haki ya kushiriki na kinga ya bima. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi kabla ya kuniuliza kama najua kuogelea, na hilo lilinipendeza. Jaketi la kuokolea maisha hupewa bila malipo asiye na lake, ila ni busara kulijaribu gatini kabla ya kupanda, kwa maana baadhi yamepangwa kwa watu wenye vifua vipana.

Yoti nyingi nilizopanda ni za urefu wa mita nane hadi kumi, zenye mkuku (uti wa chini ya chombo) mzito wa chuma au risasi unaorudisha chombo wima kila upepo unapokiinamisha. Nahodha hushika usukani. Mmoja hushughulikia demani (kamba ya kulivuta na kulilegeza tanga) ya tanga kubwa. Wawili hukaa penye winchi (mapipa ya kukazia kamba) za tanga la mbele, mmoja kila ubavu. Na mwingine husimama karibu na mlingoti akiangalia henza, yaani kamba za kupandishia tanga, na kuwaonya wenzake juu ya vyombo vinavyokuja. Mgeni kwa kawaida huwekwa penye winchi, na hapo ndipo penye darasa. Kamba huzungushwa kwenye pipa la winchi kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, vidole vikiwa mbali na pipa, na chombo kinapogeuka unaiachia demani ya upande uliokuwa na kazi kwa wakati ule ule ambao mwenzako anavuta ya upande wa pili. Ukiiachia mapema, tanga hupigapiga na chombo hupoteza mwendo. Ukichelewa, tanga hunasa upepo kwa nyuma na kukisukuma chombo kupita kiasi. Hizi ni sekunde chache sana, lakini ndizo zinazotofautisha yoti mbili zenye umbo moja na matanga yaliyoshonwa na fundi mmoja.

Mimi ni mtu wa Lamu, na mashindano ya mashua nimeyaona tangu utotoni. Kwa hiyo upepo haukuwa mgeni kwangu, bali vyombo. Tanga letu la pembe tatu huning'inia kwenye foromali, mti mrefu unaobeba tanga, na jahazi kubwa likitaka kubadili upande, foromali yote huhamishwa mbele ya mlingoti, kazi inayohitaji watu wengi na nafasi ya kutosha ya bahari. Ndiyo maana manahodha wa kwetu huwa na hesabu ndefu: hawageuzi ovyo. Yoti ya Perth hugeuza kwa muda wa pumzi chache, hukaribia upepo zaidi, na kwa sababu hiyo nahodha wake anaweza kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kupinda huku na huku, mara nyingi katika njia fupi, akibadili shauri kila upepo unapopinda. Nilihitaji kujizoeza upya namna ya kufikiri. Jambo ambalo halikubadilika hata kidogo ni uzito wa watu: huku kama kule, mabaharia hukaa upande wa joshini, yaani upepo unakotokea, hukaa wakiwa wamebanana, na hawahami mpaka neno litoke kwa nahodha.

Mto wenyewe ndio unaoipa huduma hii thamani yake, nami nataka kueleza kwa nini. Wanoongar, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, huuita Derbarl Yerrigan, na jina la Swan, yaani batamaji kwa Kiingereza, lilitokana na batamaji weusi ambao Mholanzi Willem de Vlamingh na watu wake waliwaona huko mwaka 1697. Kati ya ulimi wa mchanga wa Point Walter na daraja la Narrows, mto hupanuka ukawa uwanja mkubwa wa maji uitwao Melville Water, na hapo ndipo maboya ya mashindano huwekwa. Siku za joto nchi kavu hupata moto kuliko Bahari ya Hindi iliyo magharibi yake. Hewa ya nchi kavu hupanda, na ile ya baharini iliyo baridi huingia kuchukua nafasi yake. Upepo huo wa kusini-magharibi, ambao watu wa Perth huuita Fremantle Doctor (Daktari wa Fremantle) kwa jinsi unavyowaponya na joto la mchana, hufika Fremantle, bandari iliyo mdomoni mwa mto, kwanza, kisha huupanda mto hadi mjini alasiri, na mara nyingi huvuma kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa au zaidi. Kwa kuwa huja karibu kila siku katika miezi ya joto, klabu inaweza kupanga mashindano ya saa kumi na mbili jioni ikiwa na matumaini ya kweli kwamba upepo utakuwapo. Ni nadra kwa mchezo unaotegemea hewa kuweza kuwekewa miadi.

Lakini upepo huo ukishaingia mtoni hauwi tena kama ulivyokuwa baharini. Chini ya Mount Eliza, kilima chenye bustani kubwa ya Kings Park, huja kwa vipindi, ukipungua na kuongezeka bila utaratibu, na karibu na majengo ya mjini hupinda. Baharia aliyekaa penye winchi hana kazi kwa dakika kadhaa kati ya bisha na bisha, na muda huo nahodha mzuri humtumia kama jicho: amwambie maji yanatiwa giza na upepo upande gani, yoti iliyo mbele imeinama kiasi gani, bendera za ufukweni zinaelekea wapi. Nimejifunza zaidi kwa kuulizwa maswali hayo kuliko ambavyo ningejifunza kwa kitabu, kwa sababu jibu hupatikana baada ya nusu dakika tu, chombo kinapofika mahali ulipopasema.

Kisha kuna kina cha maji. Kando ya mto kuna mafungu ya mchanga yaliyowekewa nguzo za alama, na yoti ambayo mkuku wake unashuka mita moja na nusu au zaidi haiwezi kuyapuuza. Nahodha hutamani kukaribia ufuko upande ambao upepo umepinda kwa faida yake, huku akijua kwamba kila mita anayoongeza inampeleka kwenye mchanga. Mtu wa mbele huchungulia nguzo, mwenye demani hujiandaa, na wote husubiri neno la kugeuza. Kwetu Lamu, ambako maji hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita mbili, ningeuliza kwanza saa ya maji. Katika Mto Swan tofauti ya kujaa na kupwa haifiki hata mita moja kwa kawaida, kwa hiyo mkondo hauna nguvu kubwa katika eneo hilo pana, na akili yote hubaki kwenye upepo na mchanga. Kwa anayejifunza, hiyo ni nafuu kubwa: jambo moja gumu limeondolewa, na yaliyobaki yanaonekana wazi.

Kuanza kwa mashindano kunastahili maelezo, maana ndiko kunakomtisha mgeni. Mstari wa kuanzia ni wa kufikirika, kati ya chombo cha waamuzi na boya. Dakika tano kabla ya kuanza hupandishwa bendera na kupigwa honi. Dakika nne kabla hupanda bendera ya pili. Ikibaki dakika moja bendera hiyo ya pili hushushwa. Kisha mstari unafunguliwa. Katika dakika hizo yoti zote huzunguka mahali pamoja, kila moja ikitaka kufika mstarini ikiwa na mwendo kamili bila kuuvuka kabla ya wakati. Kinachozuia maafa ni kanuni zinazoeleweka na wote: chombo kinachopokea upepo kwa ubavu wa kushoto hukipisha kinachoupokea kwa ubavu wa kulia, viwili vikiupokea kwa ubavu mmoja, kile cha joshini hukipisha cha demanini (upande upepo unakoelekea), na aliyevunja kanuni bila kusababisha madhara makubwa hujiadhibu mwenyewe kwa kuzungusha chombo chake mizunguko miwili. Nimeona nahodha akijizungusha hivyo jioni ambayo hakuna mwamuzi aliyekuwa karibu, na heshima niliyo nayo kwa mchezo huu ilianzia hapo. Matokeo hukokotolewa kwa kuzidisha muda wa kila yoti kwa namba iliyopewa, ili ya zamani na nzito iweze kuishinda mpya na nyepesi iliyotangulia kufika.

Sasa niseme lililonikera. Orodha ya mabaharia huuliza uzoefu wako, lakini katika klabu niliyoitumia sikuona dalili kwamba kuna mtu anayeisoma. Nahodha mwenye haraka humchukua aliyesimama karibu. Jioni moja nilipangiwa yoti ambayo mwenyewe hakutueleza sisi wageni lolote kabla ya kuondoka gatini: si mahali pa kukaa, si kamba ipi ni ya nini, wala hatari ya ule mti wa chini wa tanga kubwa, ambao chombo kinapogeuza huku upepo uko nyuma huvuka kutoka ubavu hadi ubavu kwa nguvu ya kumvunja mtu fuvu. Tulikalishwa ubavuni kama mizigo ya kusawazishia chombo, na amri zilitolewa kwa kupigiwa makelele tukiwa tayari tumechelewa kuzitekeleza. Hakuna aliyeumia, lakini hilo halitoshi. Klabu inayopokea ada na majina ya wageni ingepaswa kumtaka kila nahodha atoe maelezo ya dakika tano gatini, na isimpe mabaharia anayekataa. Niliwaandikia hivyo, nikajibiwa kwa adabu, na sijaona badiliko.

Kinyume chake, nahodha mama mmoja mtu mzima ambaye nimesafiri naye zaidi ya wengine wote hutuzungusha kwenye chombo kila mara, hata sisi tunaokijua, akigusa kila kamba na kuitaja. Wageni wake hubaki. Hata yoti yake, ambayo si ya kasi, humaliza mbele ya nyingi zinazoizidi, kwa sababu watu wake wanajua nini kitafuata.

Mazingira ya klabuni hayana ugumu ambao nilikuwa nimeuhofia. Jiji hili lina fahari yake katika mchezo huu: Royal Perth Yacht Club, iliyo Crawley kwenye mto huu huu, ndiyo iliyoleta Kombe la Amerika, shindano mashuhuri la yoti, nchini Australia mwaka 1983, yoti Australia II chini ya nahodha John Bertrand ilipoishinda yoti ya Marekani Liberty kwa 4 kwa 3 na kukomesha miaka 132 ya kombe hilo kukaa mikononi mwa New York Yacht Club. Ningetarajia majivuno, lakini mezani baada ya mashindano mazungumzo huhusu bisha ya tatu na nani aliona upepo kwanza. Asiyekunywa pombe hasumbuliwi. Chakula ni cha kuchoma, na kwa Mwislamu ni vyema kuuliza au kubeba chako. Kuna nafasi tulivu ya kuswali Magharibi ukiomba, kwa kuwa katikati ya majira ya joto jua huzama karibu saa moja na nusu, wakati ambao mara nyingi yoti zinakuwa zimeanza kurudi.

Kwa atakayejaribu, beba viatu vya soli laini isiyoacha alama, glavu za kushikia kamba, na jaketi la kuzuia upepo hata kama mchana ulikuwa wa joto kali, kwa maana maji yanayoruka omo (mbele ya chombo) huchukua joto lote la mwili. Fika saa moja kabla ya kuanza. Anayekualika apande, muulize atakuweka sehemu gani, na kama atakuonyesha kazi yake kabla hamjafungua kamba za gatini. Asipokuwa na jibu, mshukuru na usubiri mwingine. Jioni za katikati ya msimu yoti zinazotafuta watu huwa nyingi.