Sugar Baby, Sukari F1 au tikiti tamu: lipi linafaa smuthi?

Smuthi ya tikiti huharibika kirahisi kuliko ya embe, na sababu kubwa ni moja: karibu asilimia 92 ya nyama ya tikiti maji ni maji. Embe lina unene wa kuvumilia glasi ya maji na barafu juu yake. Tikiti halina. Ukiongeza maji "ili blenda izunguke", unapata kinywaji chepesi chenye rangi nzuri na ladha hafifu, kisha sukari inaitwa kuja kuokoa jahazi. Ndiyo maana kazi kubwa inafanyika sokoni, kabla hujagusa blenda. Tathmini hii inaangalia matikiti yanayopatikana kwa wingi katika masoko yetu kwa kigezo cha smuthi tu. Tikiti linalopendeza kuliwa kwa kipande si lazima lipendeze kwenye glasi.

Tuanze na Sugar Baby, kwa sababu ndilo tunalolipa nafasi ya kwanza. Ni la mviringo, ganda lake ni kijani iliyokolea hadi kukaribia weusi, na kwa kawaida lina kilo 3 hadi 5. Nyama ni nyekundu iliyokolea na imeshikana, na sukari yake inafika karibu na ganda, tofauti na matikiti makubwa ambayo utamu wote umekaa katikati. Udogo wake pia ni faida: familia ya watu wanne inalimaliza kwa siku moja au mbili, hivyo hakuna nusu inayolala kwenye friji ikipoteza harufu. Kasoro yake ni mbegu. Ni ndogo, ni nyingi, na zimetawanyika kiasi kwamba kuzitoa kwa kisu moja moja ni kazi ya kuchosha. Namna ya kuzikwepa inakuja hapa chini. Kwa smuthi, tunalipa 9 kati ya 10.

Sukari F1 ni chotara, refu kidogo kama yai, ganda la kijani hafifu lenye michirizi ya kijani iliyokolea, na mara nyingi huwa na kilo 7 au zaidi. Likivunwa kwa wakati wake, moyo wake ni mtamu sana. Tatizo ni kwamba sentimita mbili au tatu za nje, karibu na sehemu nyeupe, ni za maji matupu zenye harufu ya tango. Wauzaji wa juisi hukwangua mpaka kwenye weupe ili wapate ujazo, na ndiyo sababu juisi nyingi za mtaani zina ule mwisho wa ladha ya majani. Nyumbani usifanye hivyo. Kata ukiacha wekundu huo wa nje juu ya weupe. Hiyo ile kwa mkono au iingie kwenye kachumbari. Tunalipa 7.

Crimson Sweet lina sura inayofanana na hilo, ila ni la mviringo zaidi. Lilitoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas huko Marekani miaka ya 1960, na ganda lake nene linastahimili safari ya lori, jambo ambalo mfanyabiashara analipenda kuliko mnywaji. Ladha ni nzuri, lakini unanunua kilo nyingi za ganda. Charleston Gray, lile refu la kijivu-kijani lisilo na michirizi, tungeliacha kwa ajili ya kuliwa kwa vipande. Kwenye blenda ndilo linaloonekana kupwaya zaidi, na ukilipata limevunwa mapema hakuna ndimu wala tende itakayolinusuru.

Halafu kuna tikiti tamu, lile dogo lenye ganda la nyavunyavu na nyama ya rangi ya chungwa. Hili ni jamaa wa tango kuliko wa tikiti maji, na kwenye blenda lina tabia nyingine kabisa. Nyama yake ni nzito na laini, haitengani upesi, na mbegu zote zimekaa kwenye uwazi wa katikati, zinatoka kwa kijiko kwa mzunguko mmoja. Kwa anayetaka smuthi nene ya kijiko, yenye mtindi, hili linashinda Sugar Baby. Kwa anayetaka kitu cha kukata kiu saa nane mchana, linashindwa. Baada ya glasi moja linakinai. Kwa wasomaji walioko Ulaya, lile refu la Hispania lenye ganda la kijani la madoadoa, Piel de Sapo, ni tamu na linakaa muda mrefu, ila harufu yake ni ndogo na smuthi yake inahitaji nanaa ili isikike.

Kuchagua ndipo pesa inapopotea au kuokolewa. Tikiti maji haliongezi sukari baada ya kukatwa shambani. Likikaa dukani wiki nzima linalainika tu. Kwa hiyo angalia doa la ubavuni, pale lilipolalia udongo. Likiwa la njano ya siagi, lilikomaa shambani. Likiwa jeupe au halionekani kabisa, liliwahishwa, hasa wakati wa Ramadhani ambapo mahitaji hupanda na wakulima huvuna kabla ya muda ili kuwahi bei. Kama kikonyo bado kipo pamoja na kijiuzi chake kilichojisokota, kijiuzi hicho kinatakiwa kiwe kimekauka. Ganda linalong'aa sana si sifa, lililokomaa hufifia. Mwisho linyanyue pamoja na lingine la ukubwa uleule, uchukue lililo zito. Kupiga kwa vidole kunasaidia wenye uzoefu: lililokomaa hutoa mlio mzito, bichi hutoa mlio mkali wa juu. Kwa mgeni, doa ni shahidi bora kuliko mlio.

Kuna tikiti lenye dalili zote nzuri na bado maji matupu. Hilo aghalabu limetoka shamba lililomwagiliwa, au kunyeshewa mvua kubwa, siku chache kabla ya kuvuna. Kwa nje hutalijua. Ndiyo sababu ya kuonja kabla ya kugandisha. Na ukikata ukakuta nyama imepasuka katikati na kuacha uwazi, usilitupe: ni kasoro ya ukuaji tu, halina madhara.

Tikiti tamu lina ishara zake. Linuse upande wa pili wa kikonyo. Kama halinukii, liache. Lile la nyavunyavu likiiva huachana na kikonyo lenyewe na kubakiza kishimo kisafi. Likiwa na kipande cha kikonyo kilichokatwa kwa kisu, huenda lilichumwa bichi. Litalainika ukiliweka jikoni, na harufu itakuja kidogo, lakini utamu hautaongezeka.

Sasa vipimo. Kwa glasi mbili kubwa unahitaji gramu 500 za nyama ya tikiti isiyo na ganda. Gramu 300 zigandishwe, gramu 200 zibaki mbichi, yaani bila kugandishwa, zikiwa na baridi ya friji. Juu yake ni maji ya ndimu moja, kama mililita 15 hadi 20, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na majani sita ya nanaa. Maji usiongeze hata kijiko. Barafu pia hapana, maana ni maji yaliyoganda na yatayeyuka ndani ya glasi. Tikiti lililogandishwa ndilo barafu yako.

Kugandisha nako kuna utaratibu. Kata vipande vya sentimita mbili kila upande, vitandaze kwenye sinia visigusane, acha kwenye friza saa nne hadi sita, kisha ndipo uviweke kwenye mfuko na kutoa hewa. Ukivirundika vikiwa vibichi vinashikana kuwa jiwe moja, na hakuna blenda ya nyumbani itakayolivunja. Vikikaa vizuri hutunza ladha kwa miezi mitatu. Usivitoe ili viyeyuke uvile. Barafu imeshavunja nyama na utapata majimaji yenye nyuzi.

Kuhusu mbegu za Sugar Baby: kata vipande vikubwa, weka kwenye blenda bila kuijaza, funika, na bonyeza kitufe cha mpigo mara tatu au nne, sekunde moja kila mara. Nyama inasambaratika, mbegu zinabaki nzima. Pitisha kwenye chekecheke la matundu makubwa ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Ukiacha blenda izunguke mfululizo mbegu zinapasuka, na smuthi inapata uchungu na chengachenga zinazokwama kwenye meno. Uji huo mwekundu uliochujwa ndio unaomiminwa kwenye vyombo vya barafu ugande. Kwa njia hii friza inatunza tikiti lisilo na mbegu hata moja.

Wakati wa kusaga, fuata mpangilio. Tikiti bichi, ndimu na nanaa vitangulie chini karibu na kisu, vizunguke sekunde kumi mpaka viwe maji. Ndipo uongeze vilivyoganda kwa mafungu matatu. Blenda nyingi za majumbani zina wati 350 hadi 500, na hizo zinatosha, ila hazipendi kupewa gramu 300 za barafu kwa mpigo mmoja. Kisu kinachimba uwazi chini, kinazunguka hewani huku vipande vya juu vikitulia, na mota inapata moto. Ukisikia sauti imepanda ghafla na hakuna kinachosogea, zima, tikisa jagi, anza tena. Muda wote usizidi dakika moja. Zaidi ya hapo joto la msuguano linayeyusha barafu na hewa inaingia mpaka nusu ya glasi inakuwa povu.

Vijiblenda vya kuchaji vya mililita 300 au 400 vinauzwa sana sasa, lakini kwa kazi hii havifai kama una vipande vilivyoganda. Vinaweza tikiti bichi na ndizi. Blenda kubwa za wauza juisi, za wati 1500 na kuendelea, zinafanya kazi kwa sekunde 20, ila zinasaga na mbegu, kwa hiyo chuja kwanza bila huruma.

Dakika kumi baada ya kumimina, smuthi ya tikiti hujitenga: povu na nyuzi juu, maji ya waridi chini. Tikiti halina uzito wa kushikilia nyuzi zake, na viputo vya hewa vinazipandisha. Wengi huongeza ndizi nusu, na inafanya kazi, lakini ndizi inafunika harufu ya tikiti. Tunaona unga wa ubuyu ni bora zaidi. Kijiko kimoja cha chakula, kama gramu 8 hadi 10, kinaongeza uzito kwa sababu ubuyu una pektini nyingi (kitu cha asili kinachonenesha jamu), na unaleta uchachu wake, hivyo punguza ndimu hadi nusu. Uchanganye kwanza na tikiti bichi, maana ukiumwaga juu ya barafu unafanya madonge. Asiye na ubuyu atumie kipande cha papai, kama gramu 80. Parachichi linaleta unene ila linaiondolea smuthi uburudisho.

Baridi hupunguza utamu mdomoni. Smuthi inayoonekana tamu ikiwa ya joto la chumba itakuwa ya wastani ikiwa imeganda nusu. Kama tikiti lilikuwa la wastani tangu mwanzo, tende mbili zilizolowekwa kwenye maji ya moto dakika kumi, zikasagwa pamoja na tikiti bichi, zinatosha.

Ukitaka maziwa, acha ndimu na ubuyu, la sivyo yatakatika. Tikiti tamu nalo lina kimeng'enya kinachovunja protini, kwa hiyo smuthi yake ya maziwa ikikaa huanza kuwa chungu. Saga, kunywa papo hapo, usiiweke friji kwa ajili ya kesho. Mtindi mzito, mililita 150 kwa gramu 350 za tikiti tamu, ndio mchanganyiko wetu tunaoupenda, pamoja na iliki kidogo. Tui la nazi linakwenda vizuri na tikiti maji, ila lisizidi vijiko vinne na lisiwe limelala friji, maana mafuta yake huganda na kuacha vipunje vyeupe juu ya ulimi.

Usafi si jambo la kupitia haraka hapa. Nyama ya tikiti haina uchachu wa kuzuia bakteria kama chungwa lilivyo nao, na kisu kinapopita kwenye ganda kinaingiza ndani kila kilichokuwa nje. Ganda la nyavunyavu ndilo baya zaidi: mwaka 2011 nchini Marekani, matikiti tamu yenye bakteria wa Listeria yalisababisha vifo vya watu 33. Sugua ganda kwa brashi chini ya maji yanayotiririka, likaushe, kisha ndipo ukate. Vipande vilivyofungwa kwa plastiki na kukaa juani kwenye meza ya muuzaji usivitie kwenye smuthi, hata kama ni nusu bei. Lililokatwa lisikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye friji, likifunikwa, lina siku tatu, na kufikia siku ya pili harufu imeshaanza kupungua, kwa hiyo kisichonywewa leo kiende friza leo.