Ukienda Sarajevo, ulale mtaa gani? Mitaa sita, kuanzia ninaoupenda hadi ninaouweka mwisho

Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, haumo kwenye mipango ya wengi wetu tunapofikiria Ulaya. Watu wanakwenda Paris, London, Istanbul au Vienna, na Sarajevo wanausikia tu pale vinapotajwa vita vya miaka ya 1990. Ni hasara kubwa. Chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi, adhana na kengele za kanisa zinasikika kutoka uchochoro mmoja, na chumba kizuri katikati ya mji kinapatikana kwa bei ambayo Vienna ingekupa kitanda cha kuchangia pembezoni. Kufika si tabu pia: Turkish Airlines inaunganisha kupitia Istanbul, flydubai kupitia Dubai.

Lakini chumba cha Sarajevo hakichaguliwi kama cha miji mingine. Mji umelala ndani ya bonde jembamba la mto Miljacka, unaotoka mashariki kwenda magharibi, na pande zote mbili nyumba zimepanda milima. Ukitazama ramani kwenye simu, kila kitu kinaonekana jirani. Unaona "mita 400 hadi Baščaršija", soko la kale ambalo ndilo moyo wa mji mkongwe, unalipa, halafu unagundua kwamba mita hizo 400 ni mpando wa kukata pumzi, wa mawe yanayoteleza, na begi la kilo 23 mkononi. Kwa hiyo kabla ya bei na kabla ya nyota za hoteli, jiulize mambo mawili: nyumba iko bondeni au mlimani, na unakwenda majira gani. Mpangilio wangu wote umejengwa juu ya hayo.

1. Bistrik ya chini, ng'ambo ya mto

Huu ndio mtaa ninaowashauri watu wengi zaidi. Uko kusini mwa Miljacka, mkabala na mji mkongwe, na unavuka kwa daraja tu. Moja ya madaraja hayo ni Latinska ćuprija, na ni kwenye kona yake ya upande wa mji mkongwe ndipo Mwanamfalme Franz Ferdinand na mkewe Sophie walipigwa risasi tarehe 28 Juni 1914, siku iliyoiingiza Ulaya kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Ukilala Bistrik utapita hapo asubuhi na jioni.

Uzuri wake ni kwamba unapata Baščaršija bila kelele zake. Teksi inafika karibu na mlango. Msikiti wa Careva uko hapohapo kando ya mto. Kituo cha chini cha magari ya nyaya yanayopanda mlima Trebević kiko upande huu, nayo yalirudishwa mwaka 2018 baada ya kuharibiwa vitani. Ndani ya dakika chache umeuacha mji chini yako na uko kwenye misonobari, karibu na njia ya saruji ya mbio za sleji iliyojengwa kwa Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 1984, ambayo sasa imejaa michoro ya rangi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kuna pia Inat kuća, nyumba ambayo naitaja kwa kila anayeniuliza kuhusu mtaa huu. Utawala wa Austria na Hungaria ulipotaka kujenga Vijećnica, jumba la halmashauri lililofunguliwa mwaka 1896, mwenye nyumba aliyekuwa kwenye kiwanja hicho alikataa kuondoka mpaka nyumba yake ihamishwe ng'ambo ya mto. Inasimuliwa kwamba ilihamishwa tofali kwa tofali. Sasa ni mgahawa, na kutoka mezani unalitazama jumba lenyewe, ambalo lilichomwa Agosti 1992 likiwa maktaba ya taifa na kufunguliwa tena mwaka 2014.

Angalizo moja, na ni kubwa: nimesema Bistrik ya chini. Mtaa huu unaanza tambarare na baada ya vichochoro vichache unageuka ukuta. Anayekodisha chumba kule juu ataandika "Bistrik" vilevile. Mwulize moja kwa moja: kutoka mtoni hadi mlangoni kuna mpando kiasi gani, na gari linafika? Asipojibu swali la mpando, tafuta pengine.

2. Ferhadija na mitaa ya Kanisa Kuu

Ferhadija ni barabara ya waenda kwa miguu inayotoka Baščaršija kwenda magharibi hadi Vječna vatra, mwenge uliowashwa mwaka 1946 kwa kumbukumbu ya waliokomboa mji katika Vita Kuu ya Pili. Kuna mahali kwenye sakafu yake pamechorwa mstari: ukitazama mashariki unaona maduka ya chini ya mbao na kuba za Kiosmani, ukigeuka magharibi unaona maghorofa ya Kiaustria. Ni tambarare kabisa, kuna maduka ya dawa, mikate na kubadilisha fedha, na msikiti, sinagogi, kanisa la Kikatoliki na la Kiorthodoksi vyote vinafikika kwa mwendo wa dakika chache. Hapa ndipo ilipo Hotel Evropa, iliyofunguliwa mwaka 1882, kwa mwenye mfuko uliotuna.

Nyumba za kupanga kwa siku za eneo hili nyingi ziko ndani ya majengo ya enzi ya Austria na Hungaria. Dari ziko juu, madirisha mapana, vyumba vina haiba. Lifti ndiyo shida. "Ghorofa ya tatu" ya jengo la mwaka 1900 ni ngazi nyingi kuliko ya jengo la leo. Ukiwa na mama au mtoto mdogo, uliza lifti kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Jambo jingine ni tramu. Katikati ya mji tramu zinazunguka upande mmoja: zinakuja mashariki kando ya mto, zinageuka Baščaršija, kisha zinarudi magharibi kupitia Mula Mustafe Bašeskije na Titova. Chumba chenye dirisha juu ya barabara hizo mbili kitakuamsha mapema. Omba chumba kinachotazama ua wa ndani. Na ukumbuke mzunguko huo unaposubiri tramu, maana ukisimama mtoni ukitaka kwenda magharibi utasubiri hadi jioni.

3. Baščaršija yenyewe

Wengi watashangaa kuiona namba tatu, kwa sababu ndiyo roho ya mji. Soko hili lilianza karne ya 15 chini ya Isa-beg Ishaković, na bado lina uchochoro wa wafua shaba, Kazandžiluk, ambako nyundo zinasikika kabla hujaona duka. Kuna Sebilj, chemchemi ya mbao yenye njiwa wengi, na msikiti wa Gazi Husrev-beg wa karne ya 16. Kando ya msikiti kuna mnara wa saa ambao msomaji wa Kiswahili atausoma bila kufundishwa: jua linapozama, akrabu zote mbili zinakutana kwenye 12, na saa za usiku zinaanza kuhesabiwa kutoka magharibi, kama tuhesabuvyo sisi. Wageni wengine wanadhani umeharibika.

Nenda hapo kila siku. Kula ćevapi, vipande vya nyama ya kusaga ya kuchoma, ndani ya mkate wa somun, na kwenye duka la burek, unga mwembamba uliojazwa na kuokwa, omba iliyookwa ispod sača: sinia linafunikwa kwa kifuniko cha chuma na makaa yanapaliwa juu yake, kama wapikaji wetu wanavyopalia biriani. Burek ni ya nyama tu. Ya jibini inaitwa sirnica na ya viazi krompiruša, na vyote vinapimwa kwa uzito.

Kulala ni habari nyingine. Vichochoro havipiti gari, kwa hiyo utaburuta begi juu ya mawe ya mviringo. Vyumba vya gesti nyingi ni vidogo na vimebanana juu ya migahawa. Julai na Agosti watu hawalali mapema. Agosti kuna pia Tamasha la Filamu la Sarajevo, lililoanzishwa mwaka 1995 mji ukiwa bado umezingirwa, na bei hupanda mji mzima. Ninaiweka juu kwa msafiri kijana wa usiku mmoja au miwili mwenye begi la mgongoni. Kwa Ramadhani naipandisha hadi namba moja bila kusita: mizinga ya futari inapigwa kutoka Žuta tabija, ngome iliyo juu ya mtaa wa Kovači, na watu wanapanda na chakula chao kufuturu pale mji mzima ukiwashwa taa chini yao. Ukilala Baščaršija unashuka kutoka hapo moja kwa moja hadi tarawehe.

4. Marijin Dvor

Majengo mapana, barabara pana, bunge, maduka makubwa. Haiba haipo. Lakini kwa mwenye kiti cha magurudumu, mzee mwenye magoti mabovu au anayekuja kikazi, hapa ndipo pa kwanza wala si pa nne: ni tambarare, hoteli ni za kisasa na zina lifti, na tramu inakufikisha mji mkongwe kwa muda mfupi. Hoteli ya manjano iliyojengwa kwa Olimpiki ya 1984, ambayo waandishi wa habari wa dunia walikaa wakati wa mzingiro wa 1992 hadi 1996, bado imesimama hapa. Makumbusho ya taifa, Zemaljski muzej, yako jirani.

5. Mlimani: Mejtaš, Kovači, Vratnik

Mandhari ya hapa hayana mfano. Asubuhi ya Mei unafungua dirisha na bonde zima liko mbele yako, minara imechomoza kati ya mapaa mekundu. Wenyeji ni wakarimu, utaitwa kahawa. Bei pia ni ya chini.

Aprili hadi Oktoba, ukiwa na miguu mizima, nenda. Desemba hadi Februari nakushauri usithubutu. Theluji inaganda kwenye miteremko hiyo na kushuka kufuata mkate kunakuwa safari. Usiku chukua teksi yenye mita, si ghali.

6. Ilidža

Iko magharibi, mwisho wa tramu namba 3, zaidi ya nusu saa kutoka mji mkongwe. Kwa mgeni wa mara ya kwanza ni mbali mno. Kwa familia yenye watoto wakati wa kiangazi mambo yanabadilika: kuna Vrelo Bosne, ambako mto Bosna unabubujika kutoka chini ya mlima Igman, na barabara ndefu ya miti mikubwa, Velika aleja, ambako farasi wanavuta magari ya wageni. Familia kutoka nchi za Ghuba hujaa hapa kila kiangazi, na jamaa wa Muscat watapata Kiarabu kikieleweka hotelini. Nyumba ni kubwa, zina jiko na maegesho.

Karibu na uwanja wa ndege sipendekezi kulala, ila kama ndege yako ni ya alfajiri. Makumbusho ya handaki la mwaka 1993, lililopita chini ya njia ya ndege na kuuokoa mji uliozingirwa, yanastahili kutembelewa mchana.

Sasa hewa, na hili naliandika kwa uzito wote. Kati ya Novemba na Februari hewa baridi hukwama bondeni, moshi wa makaa ya mawe na kuni hukosa pa kutokea, na kuna siku Sarajevo huwa kati ya miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Ukungu huohuo hufuta safari za ndege. Mwenye pumu asilale bondeni miezi hiyo hata kama hoteli ni bure. Akitaka theluji apande Jahorina au Bjelašnica, juu ya ukungu, ambako hoteli zipo na jua lipo.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba haya. Joto la chumba linatoka wapi, na linawaka usiku kucha au linazimwa? Chumba kilichopashwa kwa kiyoyozi kimoja cha sebuleni hakimtoshi mtu wa Mombasa mwezi Januari. Je, atakuandikisha polisi kama sheria inavyotaka kwa mgeni, na atakupa karatasi yake? Hoteli hufanya bila kuombwa, nyumba binafsi zinahitaji kukumbushwa. Je, kodi ya utalii imo kwenye bei? Na waifai inafika chumbani? Hili la mwisho linawahusu hasa wanaoishi Ujerumani au Uholanzi, maana Bosnia haimo ndani ya Umoja wa Ulaya na kifurushi chako cha Ulaya mara nyingi hakifiki huko. Fedha ni marka, KM, iliyofungwa kwenye euro kwa 1.95583, kwa hiyo gawa bei kwa mbili na umepata euro kwa makadirio. Beba noti ndogo, maduka mengi ya mji mkongwe yanataka taslimu.

Bosnia haimo pia ndani ya Schengen. Mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara moja akitoka Vienna kwenda Sarajevo hawezi kurudi Vienna kwa viza hiyohiyo. Ulizia masharti ya pasi yako kwenye ubalozi wa Bosnia kwanza, na mpaka upate jibu, weka nafasi kwenye chumba kinachoruhusu kughairi bila faini, hata kama kinazidi bei kidogo.