Seti ya kuning'iniza paa la Jeep gerejini: uzoefu wangu wa miezi minne

Jeep Wrangler yangu ni ya milango minne, na lile paa gumu la fibaglasi linazidi kilo 50. Zamani tulikuwa tunalivua watu wanne, kila mmoja pembe yake, kisha tunalilaza juu ya magodoro chakavu. Kazi haikuwa kulivua, kazi ilikuwa kuwapata hao wanne siku wingu linapotanda. Ndipo nikanunua seti ya kamba, kapi na mikanda minne ya kulining'iniza darini.

Maelekezo yanasema kufunga ni saa moja. Mimi ilinimaliza Jumamosi nzima, nusu yake nikigonga dari kusikiliza boriti ziko wapi. Ndoano usizikaze kwenye ubao wa jasi peke yake, utakuja kuliokota paa juu ya boneti. Kwangu boriti hazikuoana na nafasi za ndoano, ikabidi nikatize mbao mbili nene na kununua skrubu ndefu kuliko zilizokuja kwenye boksi.

Baada ya hapo, raha tupu. Natoa kwanza vile vipande viwili vya mbele vya paa, nafungua bolti za pembeni kwa bisibisi ya nyota yenye ncha sita (Torx), nafungua mlango wa nyuma, napitisha mikanda, navuta. Ila karatasi yao haitaji plagi ya umeme wala kibomba cha maji ya kuoshea kioo cha nyuma. Siku ya kwanza nilivuta pembe moja ikagoma, na mimi kwa ujuaji wangu nikaongeza nguvu. Kibomba kikakatika, maji ya sabuni yote kwenye zulia. Kosa langu, sawa, lakini mstari mmoja wa onyo ungewagharimu nini?

Kasoro kubwa ni kamba yenyewe. Ni ya nailoni, na nailoni ikikaa na mzigo hurefuka. Wiki mbili tu paa lilikuwa limeshuka vidole vinne, upande mmoja zaidi ya mwingine. Nililigundua kwa utosi. Siku hizi likishapanda nalifunga kwa mikanda miwili ya mizigo inayopita chini yake mpaka kwenye boriti. Hiyo ndiyo inayobeba, kamba imebaki ya kupandishia tu.

Kulirudisha ndiko kunakotaka subira. Paa linayumba, na gari lisiposimama palepale bolti hazikutani na matundu yake. Nimebandika tepu sakafuni magurudumu yanapokaa, na bado namwita kijana wangu ashike nyuma, kwa hiyo yale maneno ya "mtu mmoja anatosha" kwenye boksi yasikudanganye. Kabla ya kukaza, pitisha kidole kwenye mpira wote wa ukingoni: ukikunjika mahali, mvua itakuonyesha.

Naipa nyota tatu. Ya nne naishikilia mpaka wabadilishe kamba.