Maabara ndogo ya Langoni na kidonda changu cha tezo

Mimi ni fundi wa vyombo vya baharini, Matondoni, kisiwani Lamu. Mwezi uliopita nilikuwa nachonga ubao wa muembe, tezo ikateleza ikanikata muundi. Siku ya tatu mguu umevimba, unawaka moto, usaha umeanza. Zahanati ya kwanza niliyokwenda hawakufungua hata kitambaa. Nilipewa vidonge dirishani. Jambo hilo liliniudhi na bado linaniudhi. Mimi sitii kalafati chombo kabla ya kujua maji yanaingilia wapi.

Ndipo nikaenda mjini, kwenye maabara ya Langoni iliyo chini ya nyumba ya mawe. Ni chumba kimoja tu, kisafi. Binti wa hapo alichukua usaha kwa kijiti cha pamba, akaupaka kwenye kioo, akakipitisha juu ya moto. Kisha rangi ya zambarau, iodini, spiriti, mwisho nyekundu. Haikufika nusu saa.

"Ami, ndoo utizame."

Kwenye hadubini niliona vidudu vya duara, vya zambarau, vimeshikana kama kichala cha zabibu. Kando yao madoa makubwa mekundu. Hayo, akasema, ni seli zako nyeupe za damu, nyingi zimekufa vitani. Usaha ndio huo. Zambarau hubaki kwa bakteria wenye ukuta mnene wa peptidoglaikani, yaani wavu wa sukari ulioshonwa kwa vipande vifupi vya protini. Wenye ukuta mwembamba spiriti huwatoa rangi, nao huishia wekundu. Njia hiyo aliitoa Hans Christian Gram, mtu wa Denmark, mwaka 1884.

Nikamuuliza lililokuwa likinisumbua: mguu uliwaka kabla sijameza kidonge hata kimoja, nani aliziambia seli hizo kwamba kuna adui?

"Hazingoji kumjua kwa jina," akasema. "Hushika vazi lake."

Peptidoglaikani haitengenezwi na mwili wa binadamu. Seli zetu huzaliwa na vipokezi, vingine juu yake, vingine ndani, vya kunasa vipande vya ukuta ule na protini zenye mafuta zilizochomekwa kwenye utando wa bakteria. Wale wanaogeuka wekundu huvaa kwa nje lipopolisakaridi, mafuta yaliyoungana na sukari, na hiyo ina kipokezi chake, ambacho mtafiti wa Marekani Bruce Beutler na wenzake walikifikia kupitia panya mwaka 1998. Hata mkia wa kuogelea wa bakteria una kipokezi cha kuutambua. Kipokezi kikigusa, seli hupiga mbiu: mishipa hutanuka, damu hujaa, seli nyingine huja mbio. Moto wa mguu wangu ulikuwa mbiu hiyo.

Nikaelewa kwa kazi yangu. Chombo kikitokea Faza, mtu wa bahari hukijua kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele, na tanga kabla ya kusoma jina. Jina hupakwa upya asubuhi moja. Omo na mkuku huwezi kuving'oa chombo kikaelea. Bakteria naye akiuvua ukuta ule, maji humpasua.

"Kweli, Ami, lakini wako wanaojitandika sukari juu ya ukuta, kama turubai, seli zisiwashike."

Usaha aliuotesha, akawajaribia dawa wadudu waliomea, akanitaka nirudi baada ya siku mbili. Vidonge nilivyopewa mwanzo havikuwaua wadudu wale hata kidogo. Daktari akanibadilishia, na wiki iliyofuata nilirudi kazini. Jibu limeandikwa Kiingereza, naye binti wa maabara alinisomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Nililipa shilingi 1,800 kwa yote, na naona ni haki.

Viti vya kungojea ni viwili tu, na adhuhuri hufunga mpaka baada ya laasiri, kwa hiyo nendeni asubuhi. Msipake kitu kidondani. Mimi nilikuwa nimepaka sifa, mafuta ya papa tunayopaka vyombo, akalazimika kuosha kwa maji ya chumvi mara mbili ndipo apate usaha wa kupimika.