Sleep Walk ya Santo & Johnny: mwendo, kii na hisia yake (uzoefu wangu)

Kama unatafuta muziki wa ala tupu wa kusikiliza usiku, au kipande cha kujifunzia gita, anza na hiki. Sleep Walk ilitoka mwaka 1959. Waliopiga ni ndugu wawili wa Brooklyn, New York, Santo na Johnny Farina, na Septemba ya mwaka huo ilishika namba moja kwenye chati ya Billboard, orodha ya Marekani ya nyimbo zinazovuma, bila neno hata moja kuimbwa.

Johnny anapiga rithimu. Santo ndiye mwenye gita la Hawaii la umeme, lile ambalo nyuzi zake hazikandamizwi kwa vidole bali zinapitishiwa kipande cha chuma juu. Ubunifu huo unahesabiwa kuwa wa Joseph Kekuku, kijana wa Oahu, mwishoni mwa karne ya 19. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yakausambaza Marekani nzima, na baadaye ukavuka bahari. Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950 Zacharie Elenga, yaani Jhimmy, alijulikana kwa kupiga gita kwa mtindo huohuo wa Kihawaii. Kwa hiyo aliyelelewa na rumba asiione sauti hii kuwa ngeni kabisa.

Mwendo wake ni wa taratibu sana. Una mapigo manne, na ndani ya kila pigo kuna vipande vitatu: moja-na-ya, mbili-na-ya. Programu moja ya simu ilinipa tempo ya wimbo wa kurukaruka, nadhani ilihesabu vile vipande vidogo badala ya pigo lenyewe. Usiifuate. Gonga mguu pale besi inapoangukia na utaupata mwendo halisi. Ukiuharakisha hata kidogo, ule mvuto unapotea, kwa sababu noti ya chuma inahitaji nafasi ya kupanda hadi mahali pake na kutetemeka kabla ya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kubadilika.

Kii, yaani noti ambayo wimbo unaiona nyumbani, ni C meja (meja husikika angavu, maina husikika yenye majonzi), na hapa ndipo nilipoupendea wimbo huu. Kodi zake za mwanzo ni nne tu: C, A maina, F maina, G. Nyimbo nyingi za mapenzi za miaka ile zilitumia mzunguko karibu sawa na huo, ila kwa kawaida ya tatu huwa F meja. Hawa wameiweka maina. Piga kodi hizo polepole usikilize sauti moja tu ya ndani: kwenye A maina kuna noti A, kwenye F maina inashuka nusu hatua, yaani hatua ndogo kabisa kwenye gita, kuwa A flati, kwenye G inashuka nusu hatua nyingine kuwa G. Hatua hizo mbili ndogo ndizo zinazobana kifua. Sehemu ya katikati inaanza na F meja, unapumua kidogo, halafu F maina inarudi palepale.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoubandika jina la "huzuni" wakamaliza. C meja inakurudisha nyumbani kila mzunguko, na huzuni inapita katikati kama wingu mbele ya jua. Mimi naiita hisia ya kukumbuka mtu uliyempenda bila kumlaumu. Chuma cha Santo kinaongeza jambo ambalo kinanda hakiwezi: kinateleza kati ya noti na noti, jinsi mwimbaji anavyovuta sauti, na mwisho wa noti ndefu anaitikisa taratibu hadi inafifia.

Kwa usikilizaji, spika ndogo ya simu hailitendei haki. Besi inapotea na gita linabaki jembamba. Tumia hedifoni, au redio yenye spika ya kueleweka. Rekodi yenyewe ni fupi, haifiki dakika 3, nami huwa naiacha ijirudie.

Kwa anayejifunza: kwenye gita la kawaida kodi tatu ni rahisi, F maina ndiyo itakayokuchosha kidole cha shahada. Komaa nayo. Usiibadilishe iwe F meja ili upate wepesi, maana utakuwa unapiga wimbo mwingine.