Kasri la Kifalme la Warsaw: makumbusho ya kutembelewa bila haraka
Kasri hili la Poland liliungua kwa mabomu ya Wajerumani mwezi Septemba 1939, na mwaka 1944 wakalilipua kwa baruti hadi likabaki kifusi. Lakini wafanyakazi wa makumbusho walikuwa wamekwisha kuokoa, kwa kuhatarisha maisha yao, picha, milango na vipande vya nakshi, ambavyo vilirejeshwa mahali pake ujenzi ulipoanza mwaka 1971 kwa michango ya wananchi. Mgeni azitazame kuta kwa karibu, maana mawe ya kale yamepachikwa kati ya mapya. Chumba cha Canaletto, chenye picha za Warsaw ya karne ya 18 alizozichora Bernardo Bellotto, mchoraji wa Kiitalia aliyejulikana pia kwa jina la Canaletto, kilinigusa kuliko vingine vyote, nami nashauri kitengewe muda mrefu kuliko kumbi zilizonakshiwa kwa dhahabu.